Kiwanja cha ufuoni, mita 60 na kuurudisha ufuo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Pwani ya Kenya

Majibu haya ni ya wenye viwanja, wanunuzi, wavuvi na majirani wa kaunti tano zinazogusana na Bahari Hindi: Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu. Yameandikwa kwa mtu anayetaka kujua aende ofisi gani, na akifika huko aulize nini. Kesi ikishafika mahakamani tafuta wakili.

Hizi mita 60 kila mtu anazozitaja zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye Kanuni za Upimaji wa Ardhi za 1994, kanuni ya 110. Inasema kwamba ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa, ikiwa iko ufuoni na inapimwa ili igawiwe, basi ukanda usiopungua mita 60 kwenda juu kutoka alama ya maji kujaa uachwe kwa matumizi ya serikali. Kanuni ya 111 inafanya vivyo hivyo kwa mito inayoingiwa na maji ya bahari, ila huko kipimo ni mita 30.

Irudie tena sentensi hiyo polepole, kwa sababu nusu ya ugomvi wa ufuoni unatokana na kuisoma haraka. Inazungumzia ardhi *ya serikali*, *ambayo haijagawiwa*, *wakati wa kupimwa*. Haisemi kwamba kila nyumba iliyo ndani ya mita 60 kutoka majini ni haramu. Wala haisemi kwamba ukiwa nje ya mita 60 basi unaweza kujenga upendavyo. Madalali husema la pili, na wanaharakati wenye hasira husema la kwanza. Wote wawili wameruka maneno.

Alama ya maji kujaa ndiyo ipi hasa? Maji hayajai sawa kila siku.

Hayajai sawa, na hapo ndipo wanunuzi wengi huchezewa. Wakati wa bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu), tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hufikia karibu mita nne. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo zaidi, na mstari wa mwani unaouona mchangani unaweza kuwa chini sana ya pale maji yanapofika bamvua likija. Juu ya hilo kuna misimu. Kusi hupiga mawimbi makubwa na kuusogeza mchanga, na kaskazi mara nyingi hurudisha sehemu yake. Ufuo ulioonekana mpana Februari unaweza kuwa kipande chembamba mwezi Julai.

Kwa hiyo alama hiyo huwekwa na mpima ardhi mwenye leseni, akilinganisha na ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Usipime kwa hatua zako, na usikubali kuonyeshwa kiwanja asubuhi ya maji mafu peke yake. Rudi bamvua la kusi, saa ya maji kujaa, usimame kwenye kigingi cha mbele. Ukilowa, umeshajua jambo ambalo hatimiliki haitakwambia.

Shamba letu ni la urithi, karatasi zake ni za tangu ukoloni na mpaka wake ni bahari. Mita 60 zinatuhusu?

Inawezekana hazikuwahi kukatwa kwenye shamba lenu. Viwanja vingi vya Mwambao vilisajiliwa chini ya sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908, iliyowapa watu wa Pwani nafasi ya kuthibitisha umiliki wao wa kibinafsi. Ardhi iliyokuwa ya mtu tayari si "ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa", kwa hiyo kanuni ya 110 haikuwa na pa kushika.

Lakini msifurahi mkasahau mengine matatu. Kwanza, Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Hakuna karatasi ya babu inayolifunika hilo. Pili, kujenga kunahitaji kibali cha kaunti hata shamba likiwa la urithi wa vizazi saba. Tatu, sheria ya mazingira ya 1999 (EMCA) ina masharti yake juu ya bahari, na hayo hayaulizi ulipata ardhi lini.

Nani mwenye uwezo wa kupunguza mita 60? Afisa mmoja wa kaunti ameniambia atanisaidia.

Kanuni ya 110 yenyewe inajibu. Ikiwa maslahi ya maendeleo yanahitaji hivyo, *waziri* anaweza kuagiza ukanda uwe chini ya mita 60 katika hali maalumu. Waziri huyo ni wa serikali ya kitaifa, anayehusika na ardhi. Si gavana, si waziri wa kaunti, si afisa wa mipango, si mwakilishi wadi, na hakika si karani aliyekupa namba yake ya simu pembeni.

Kumbuka pia kwamba punguzo hilo huamuliwa ardhi inapopimwa. Ukanda ukishaachwa na kubaki wa umma, kuuomba baadaye kama "nyongeza ya kiwanja" ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 12, inaikataza Tume ya Ardhi kugawa ardhi ya umma iliyo kwenye fuo, madiko ya wavuvi, mikoko na maeneo oevu. Mtu akikuletea barua ya kukugawia ukanda wa mbele wa kiwanja chako, muulize imepitaje kifungu hicho. Akianza kueleza jinsi anavyojuana na watu ofisini, nenda zako.

Basi kaunti inaamua nini?

Inaamua mengi, ila ni ya mipango. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi ndani ya kaunti bila kibali cha waziri wa kaunti anayesimamia mipango. Faini ya kuanza bila kibali inafika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi isiyozidi miwili, au vyote viwili. Hapo kwenye kibali ndipo nafuu ya masharti inapoombwa: kusogea karibu na mpaka wa jirani kuliko inavyotakiwa, kuongeza ghorofa, kujaza sehemu kubwa zaidi ya kiwanja, kubadilisha matumizi kutoka nyumba ya kuishi hadi nyumba ya wageni.

Waziri wa kaunti anaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa na kueleza sababu. Kabla ya hapo ombi hupelekwa kwa ofisi nyingine zinazohusika, kama za upimaji, barabara, afya, maji na mazingira, zitoe maoni, na umma hujulishwa ili mwenye pingamizi aseme.

Hoja inayobeba uzito ni hali ya kiwanja chenyewe: kimebanwa na mwamba upande mmoja, kina mteremko, kilipimwa chembamba tangu mwanzo. Hoja ya "nimeshaagiza mabati na fundi yuko tayari" haina uzito wowote, ingawa ndiyo inayotolewa mara nyingi zaidi. Na kaunti ikikulegezea sharti lake, haijakulegezea la NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, wala haijagusa ardhi ya umma. Ruhusa hizi hazibebani. Mtu anaweza kuwa na kibali halali cha kaunti, kilichopigwa mhuri na kulipiwa ada, na bado akawa amejenga mahali ambapo kaunti haikuwa na uwezo wa kumruhusu.

Nimepeleka ombi, miezi miwili imepita, kimya. Nianze?

Sheria ya 2019 inasema ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Kwa nyumba ya kawaida barani huko, hilo ni kinga ya maana dhidi ya ofisi inayolala. Ufuoni ningeshauri usiiegemee peke yake. Kimya cha kaunti hakizai leseni ya NEMA, na jirani akipinga, utahitaji kuthibitisha ombi lako lilikuwa kamili na lilipokelewa siku gani. Weka nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Andika barua ya kukumbusha. Kisha mwambie fundi angoje.

Nilinunua kwa pesa halali, msajili wa ardhi akathibitisha hatimiliki yangu. Kaunti inaweza kunivunjia ukuta?

Swali hili limeshajibiwa na mahakama kubwa kuliko zote nchini, na jibu limewatoa watu wengi jasho.

Nyali, Mombasa, kulikuwa na kiwanja kilichogawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kiliuzwa, kikauzwa tena, mpaka mwaka 2006 kikawa cha kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta wake na kufungua njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ikaenda mahakamani ikiwa na hatimiliki mkononi. Ikashindwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa Mahakama ya Rufaa, na tarehe 21 Aprili 2023 ikashindwa Mahakama ya Juu.

Majaji wa Mahakama ya Juu hawakuishia kwenye karatasi ya mwisho. Walirudi nyuma mpaka mzizi: mwaka 1989 ardhi ile ilikuwa imetengwa kuwa eneo la wazi la umma, na ugawaji wake haukufuata utaratibu uliotakiwa. Ikiwa mgao wa kwanza ulikuwa mbovu, hakuna uuzaji wa baadaye unaoutibu. Kifungu cha 40 cha Katiba kinacholinda mali hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na mnunuzi wa nia njema hakuweza kujificha nyuma ya nia yake. Aliyetakiwa kuchunguza historia ya kiwanja ni mnunuzi mwenyewe.

Maana yake kwako: cheti cha utafutaji kutoka kwa msajili kinaonyesha nani ameandikwa leo, na hakisimulii kiwanja kilitokaje mikononi mwa umma. Kwa kiwanja cha ufuoni kilichogawiwa miaka ya 1980 na 1990, historia hiyo ndiyo bidhaa unayonunua. Omba ramani ya mipango iliyotumika wakati wa mgao, barua ya mgao, ushahidi kwamba masharti yake yalitimizwa, na ramani ya upimaji inayoonyesha ukanda wa mbele na njia za umma. Muuzaji akisema faili limepotea, bei yake haijapungua kiasi cha kutosha.

Na kwa upande wa pili, kaunti isichukue hukumu hii kuwa leseni ya kuamka na tingatinga. Mwenye kiwanja ana haki ya notisi na ya kusikizwa. Kaunti inayoruka hatua hizo hujikuta inalipa fidia kwa kesi ambayo ingeshinda.

Bahari inakula kiwanja changu. Naweza kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi?

Unaweza kuomba. EMCA, kifungu cha 42, inakataza kujenga, kubadilisha au kuchimba chochote baharini au kwenye ziwa, mto na eneo oevu bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kaunti nayo itataka kibali chake. Na ikiwa msingi wa ukuta utakaa chini ya alama ya maji kujaa, unajenga juu ya ardhi ya umma, kwa hiyo Tume ya Ardhi inaingia.

Hayo ni ya karatasi. Mchanga una sheria zake, nazo hazina rufaa.

Wimbi likipanda ufuo wa mteremko hupoteza nguvu polepole na kuacha mchanga. Likigonga ukuta ulionyooka, nguvu yote hurudi na kuchimba mguu wa ukuta. Ufuo wa mbele hushuka mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja maji yanagusa ukuta hata wakati wa maji mafu, na pale palipokuwa pa kutembea hapapo tena. Pia ule mchanga uliokuwa nyuma ya ukuta, ambao dhoruba zilikuwa zikiuchukua na kuurudisha, umefungiwa. Kisha kwenye ncha mbili za ukuta mawimbi hupinda na kuchimba kwa jirani. Jirani naye anajenga wake, na wa tatu, na hivyo ndivyo sehemu za fuo kaskazini mwa Mombasa zilivyogeuka msururu wa kuta za kila rangi, kila mwenye kiwanja akijilinda dhidi ya ulinzi wa mwenzake. Kasa na ng'amba, ambao hutaga juu ya mstari wa maji kujaa, wakikuta ukuta hurudi baharini.

Sisemi ukuta haufai popote. Fort Jesus ilijengewa ukuta kwa sababu pale kuna ngome ya karne ya 16 ambayo haiwezi kusogezwa. Nyumba ya wikendi inaweza kusogezwa, au angalau ghorofa yake mpya inaweza. Kaunti inapoletewa ombi la ukuta, swali la kwanza lingekuwa ni nini hasa kinacholindwa, na kama kinaweza kurudi nyuma. Mara nyingi kinachobomoka ni baraza na bustani ya nyasi.

Vilivyo bora kuomba kwanza ni kurudisha mimea ya ufuo iliyofyekwa ili wageni waone bahari, kuweka mawe ya mteremko badala ya zege lililosimama wima, kuzuia uchotaji wa mchanga, na ikiwezekana majirani kuomba pamoja kwa ufuo mzima badala ya kiwanja kimoja kimoja. Ombi la pamoja ni gumu kulipanga, najua. Watu wasiosalimiana hawawezi kuchanga pesa za mhandisi. Lakini ndilo pekee linalolingana na jinsi mchanga unavyosafiri.

Kwetu Malindi ni kinyume: bahari imerudi nyuma. Ile ardhi mpya ni yangu?

Mto Sabaki unamwaga udongo na mchanga mwingi ghuba ya Malindi, na ufuo wa mji umepanuka hadi hoteli zilizokuwa karibu na maji zikajikuta mbali nayo. Usikimbilie kuweka ua. Mpaka wako unafuata ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Ukiona ramani inataja vigingi, ardhi iliyo mbele ya vigingi haikuwahi kupimwa kwa jina lako, na kuichukua ni kuvamia. Ukiona inataja alama ya maji yenyewe, una swali la kweli la kisheria, lakini hata hapo huanzi kujenga. Unaanza kwa mpima ardhi na wakili.

Kikundi chetu kinataka kupanda mikoko. Tunahitaji ruhusa ya nani?

Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa umma. Ilitangazwa hivyo tangu 1932, na leo iko chini ya Shirika la Misitu, KFS. Kwa hiyo hata kama mkoko umeota mbele ya mlango wako, si wako, na kuukata kunahitaji leseni. Kupanda nako kufanyike kwa makubaliano na KFS, hasa kupitia chama cha jamii cha kuhifadhi misitu chini ya sheria ya misitu ya 2016. Kaunti huingia kwenye mipango ya ardhi iliyo nyuma ya mikoko, na huko ndiko inakoweza kusaidia au kuharibu zaidi: ikiruhusu viwanja hadi ukingoni mwa msitu, mikoko haitakuwa na pa kurudi maji yakipanda.

Kuhusu wapi na nini cha kupanda, msipande kwa picha. Makundi mengi hupenda aina moja tu, ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka topeni, na wageni waheshimiwa huichomeka wakapigwa picha. Lakini kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na maji mengi. Mkoko na muia hukaa katikati. Mkandaa hufuata, na mchu unavumilia chumvi hadi nyuma pakavu. Ukipanda mkoko mahali pa mlilana, maji yatauondoa kabla ya msimu kwisha. Na kwenye ufuo wa wazi unaopigwa na mawimbi hakuna mkoko wa aina yoyote utakaoshika, hata mpande mara kumi. Mahali pake ni kwenye hori na delta, kwenye tope na utulivu.

Pia ulizeni kwanza mikoko ya mwanzo ilikufa kwa nini. Kwenye hori la Mwache, Mombasa, mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 kuleta udongo mwingi uliofunika mizizi ya kupumulia. Mahali pa namna hiyo kazi inaanzia juu mtoni, kwenye mashamba yanayomomonyoka, kabla ya kugusa kitalu. Mahali pengine maji yamezibwa na barabara au tuta. Zibua maji, na mbegu zitakuja zenyewe.

Mfano wa kwenda kuuona ni Gazi, Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117. Ulianza mwaka 2013, na hupata pesa kwa kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu huo. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule za kijiji. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wamefuata kwa hekta 460. Ukubwa wa kazi iliyobaki unaonekana ukijua kwamba mpango wa kitaifa wa mikoko wa 2017 ulihesabu hekta 61,271 nchini, zaidi ya nusu zikiwa Lamu.

Askari wa hoteli anaweza kunifukuza ufuoni?

Chini ya alama ya maji kujaa, hapana. Hapo ni kwa umma. Kupita ndani ya kiwanja cha mtu ili ufike ufuoni ni suala jingine. Unahitaji njia ya umma, na nyingi zimezibwa. Njia hizo huonekana kwenye ramani za upimaji hata kama leo zimeota ukuta na geti. Kikundi cha BMU (cha wavuvi wanaosimamia diko lao) au wazee wa mtaa wakipata nakala ya ramani hiyo, wameshinda nusu ya kesi. Kufanya biashara ufuoni kunahitaji leseni ya kaunti.

Jirani anajenga mbele ya diko letu. Tufanye nini, na tuna muda gani?

Muda ni mfupi kuliko hasira zenu zinavyodhani.

Ikiwa ombi bado linasikizwa, pelekeni pingamizi la maandishi kwa waziri wa kaunti. Andikeni namba ya kiwanja, mnatumiaje mahali hapo, tangu lini, na nini kitapotea: njia ya kupandisha mashua, kivuli cha kushonea nyavu, mlango wa maji. "Tunapinga" peke yake haimsaidii anayeamua. Mpelekeeni nakala mwakilishi wadi, lakini msimwachie yeye kazi.

Ikiwa kibali kimeshatolewa, rufaa huenda kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango ya ardhi ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Kutoka hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ikiwa mnachopinga ni leseni ya NEMA, mnakwenda kwa jopo la rufaa za mazingira, NET, ndani ya siku 60, na pamoja na rufaa ombeni amri ya kusimamisha kazi. Msingoje tarehe ya kusikizwa ndipo mkumbuke hilo. Kazi ya usiku hujenga haraka.

Huhitaji kuthibitisha umeumizwa binafsi. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuonyesha hasara yake. Na msikubali kuambiwa mkutano mmoja wa chai na soda ndio ushirikishwaji wa umma. Mwezi Juni 2019, NET ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Lamu kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya athari kuandikwa.

Nimeshajenga na nimepata notisi. Nimekwisha?

Angalia kwanza notisi ni ya nani. Ya kaunti hueleza sharti lililovunjwa na unachotakiwa kufanya, na unaweza kuipinga kwa kamati ile ile ya rufaa ndani ya siku 14. Ya NEMA inaweza kuwa amri ya kurejesha mazingira, chini ya kifungu cha 108 cha EMCA. Hiyo inaweza kukutaka uondoe ulichojenga, ufukue ulichofukia, urudishe mimea. Usipotii, NEMA inaweza kufanya kazi hiyo yenyewe na kukudai gharama.

Kuomba kibali baada ya kujenga hutokea, na wakati mwingine hukubaliwa kwa masharti. Kinachosaidia ni kujitokeza na mpango wako wa kurekebisha kabla ya kuburutwa: nitabomoa kipande hiki cha ukuta, nitaacha njia ya mita kadhaa, nitapanda mimea hii, kufikia tarehe fulani. Ikiwa jengo liko kwenye ardhi ya umma, hakuna mpango utakaoliokoa, na pesa za wakili ni heri ziende kumdai aliyekuuzia.

Nina kiwanja Tanga. Haya yananihusu?

Hapana, na usiyachanganye. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Hicho hakijafungwa kwenye ardhi ya serikali inayopimwa, kwa hiyo hoja ya shamba la urithi iliyotajwa juu haivuki mpaka wa Horohoro. Waziri anaweza kuweka miongozo ya shughuli ndani ya ukanda huo. Kibali cha ujenzi ni cha halmashauri, cheti cha mazingira huanzia ofisi ya mazingira ya taifa, na mikoko iko chini ya wakala wa misitu, TFS. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mazingira ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Aliye na kiwanja Nungwi au Paje aanzie huko.